Nyumba ya Mviringo Isiyo na Mwenyewe

Wananchi wote wanaarifiwa kwa furaha kwamba Kamati Maalumu ya Kubaini, Kupima na Kulinda Magofu ya Nyumba za Mviringo za Zama za Mawe imemaliza kazi yake mlimani, na hakuna mjumbe aliyeumia ila kwa hiari yake. Mimi ndiye katibu wa kamati. Kwa hiyo ninachosema hapa ndicho kilichotokea, hata kama waliokuwapo wanasema vingine.

Magofu yenyewe ni maduara ya mawe katikati ya nyasi, kuta zake zinafika magotini. Wataalamu wanasema humo waliishi watu wa kabla ya historia. Mkurugenzi wetu alipoyaona mara ya kwanza alitikisa kichwa.

"Walijenga bila kibali," akasema.

Tukaandika.

Tatizo lilikuwa mapengo. Mawe mazuri yalikuwa yameondoka, na jiwe halina miguu. Mkurugenzi hakuchelewa kumpata mwizi: mama mmoja mjane aliyelaza mbuzi wake ndani ya duara moja na kuziba mlango kwa miiba.

"Mama, umehujumu urithi wa taifa."

"Nimehujumu nini, baba? Jiwe likianguka, naliokota nalirudisha ukutani."

"Mmesikia? Amekiri kulishika!"

"Na yale yaliyobebwa na lori?"

"Lori gani?" Mkurugenzi akauliza, huku akitazama saa.

"Mimi sijui, baba. Mbuzi wangu hawaendeshi."

Kamati iliazimia, kwa kauli moja ya Mkurugenzi, kwamba zizi livunjwe, mama ahame, na yeyote atakayekutwa na mawe ya kale apelekwe jela. Mama alisikiliza azimio lote akiwa amemkumbatia mwanambuzi kifuani, kisha akauliza usiku fisi wakija atawaambia nini. Mkurugenzi akamjibu awaelekeze ofisini, saa za kazi.

Waziri akaja kushuhudia uvunjaji. Kabla nyundo haijainuliwa, haja ndogo ikambana, akazunguka nyuma ya kilima. Kwa kuwa itifaki hairuhusu Waziri kwenda popote peke yake, tukamfuata msafara mzima.

Nyuma ya kilima tulikuta nyumba. Ilikuwa ya mviringo, ya mawe, imesimama kamili, na juu ina mabati mekundu na dishi la televisheni. Mawe yake yalifanana na ya magofu kama mtu na pacha wake. Baadhi yalikuwa bado na namba nyeupe za rangi, kwa mwandiko wa idara yetu.

"Lo! Hii ya nani?" Waziri akauliza.

Kipo kimya cha mtu asiyejua, na kipo kimya cha mtu anayepiga hesabu ya miaka ya jela. Mkurugenzi alikuwa na hicho cha pili.

"Haina mwenyewe, Mheshimiwa," akasema hatimaye. "Ni gofu. Ndilo lililohifadhika kuliko yote."

"Na mabati?"

"Walikuwa mbele sana wale watu."

Waziri akapiga makofi, nasi tukapiga. Ndipo mlango wa gofu ukafunguliwa, akatoka bibi mmoja na ndoo ya maji machafu. Nilimtambua palepale, maana nilikula pilau yake siku ya harusi ya Mkurugenzi. Alikuwa mama mkwe wake, aliyeletwa huku "kupumzika", yaani kulinda nyumba.

"Na huyu?" Waziri akauliza.

Mkurugenzi akajibu haraka: "Simfahamu, Mheshimiwa."

Ndoo ikatua chini. Mtu anaweza kuikana sahihi yake, akaikana hata sauti yake iliyorekodiwa, na bado akapandishwa cheo. Lakini mama mkwe!

"Hunifahamu?" bibi akauliza polepole.

Mkurugenzi akatikisa kichwa.

"Basi ni kweli, Mheshimiwa," bibi akamgeukia Waziri. "Hata mimi huyu bwana simjui. Mimi ni mtu wa humu humu, toka kale."

Waziri alifurahi kupita kiasi. Akatamka hapo hapo kwamba gofu lihifadhiwe pamoja na mkazi wake wa asili, na mtu asikanyage ndani bila ruhusa ya bibi. Kisha akamuuliza kama ana ombi.

"Moja tu, mwanangu. Yule mama wa mbuzi ndiye anayeniletea maziwa na kunijulia hali tangu niliposahauliwa huku. Zizi lake lisiguswe. Ni jirani yangu wa kale."

Zizi halikuguswa. Mama wa mbuzi alikaa chini kwenye nyasi, akajifunika uso kwa ncha ya mtandio, akalia bila sauti. Nami nikatazama pembeni, kwa sababu za kiofisi.

Jumamosi Mkurugenzi alirudi na mkewe kuchukua godoro. Nilifuatana nao ili niandike muhtasari. Akapiga hodi mpaka vidole vikamuuma. Wale mama wawili wakachungulia dirishani, kila mmoja na kikombe chake cha chai.

"Nani?"

"Mimi, mama. Mkweo."

"Watalii ni kuanzia Jumatatu," mama mkwe akajibu.

Mkurugenzi akamgeukia mkewe amsemee. Mkewe akashuka garini, akampita bila neno, akasukuma mlango, akaingia, akaufunga kwa komeo. Mkurugenzi akanitazama, akitaka maelezo. Nikampa, kwa heshima zote: mkewe ni mzao wa wakazi wa asili. Yeye Mkurugenzi ni mgeni tu aliyeoa huko.