Mwalimu Ildefonce na Maji Yasiyo Yake

Jumanne, 1 Agosti 1905

Nimeamua kuandika kila siku, ili nikifa mtakatifu watu wawe na pa kuanzia.

Mimi ni Ildefonce, mwalimu wa dini, mzaliwa wa Unguja, nimelelewa na mapadre. Mwaka jana walitafuta vijana wa kwenda kuhubiri ng'ambo, katika nchi ya Wadachi, hao Wajerumani. Nikajitolea. Nilidhani nchi ya Wadachi ina majumba ya ghorofa. Wakanileta hapa, kijiji cha Wandamba kando ya mto Kilombero, mwendo wa nusu siku kutoka Ifakara. Kitu pekee chenye ghorofa ni dungu la kulindia mpunga.

Kanisa langu ni la nyasi. Waumini: Bibi Theodosia, mjane aliyebatizwa zamani kule Mahenge, ndiye anayenipikia. Ponsiano, mvuvi, bado hajabatizwa ila jina amekwisha kujichukulia kwa sababu alilisikia likampendeza. Nimemwambia jina halianzi kazi mpaka maji yamwagwe. Hasikii. Na mbuzi wa jirani, anayefuata kivuli.

Ng'ambo ya mto yuko Kelestini, mwalimu mwenzangu kutoka Bagamoyo. Ana kengele. Watu wake wanajaa hadi nje.

Sikukuu ya Kupalizwa Mama Maria, tarehe kumi na tano, Padre Fridolin atashuka kutoka Mahenge kuchagua mwalimu mkuu wa bonde. Mwalimu mkuu anapewa kitanda cha chuma. Mimi nalala juu ya kamba zilizolegea, mgongo unagusa ardhi. Naomba Mungu anipe unyenyekevu, na kitanda.

Alhamisi, 3 Agosti

Nimepata njia. Wanaume hawaji mafundisho kwa sababu kila asubuhi akida, msimamizi wa Wadachi, anawaswaga kwenda kulima pamba ya serikali. Ujira wao ni kiboko. Basi leo nimepita nyumba kwa nyumba nikatangaza kwamba atakayekuja mafundisho asubuhi amesamehewa pamba. Amri ya Padre.

Padre hana habari. Ni dhambi, lakini nimeipima, ni ndogo.

Ijumaa, 4 Agosti

Kanisa limefurika. Mbuzi amekosa nafasi. Wanaume wamesali Baba Yetu kwa sauti ya kufukuza ndege shambani, na kila nikimaliza somo wananiomba niongeze lingine. Nimefundisha mpaka jua la utosi. Nimefundisha hata mambo nisiyoyajua.

Nimemtumia Kelestini salamu kwa mtumbwi. Nimemuuliza kama ana viti vya kuniazima, maana hata watu wake wamevukia kwangu, havina kazi.

Jumamosi, 5 Agosti

Akida amekuja na kiboko chake. Akauliza watu wake wako wapi. Nikamjibu kwa upole kwamba wako na Mungu.

Akasema, "Na Mungu sina ugomvi. Nina ugomvi na wewe."

Nimelima pamba tangu asubuhi hadi jioni. Kelestini amepita mtoni kwenye mtumbwi wake, akasimamisha makasia, akanisalimu salamu ndefu. Kaniuliza habari za nyumbani, za Unguja, za shamba. Hasa za shamba.

Ponsiano alikuwa mstari wa jirani. Mgongo wake una alama za kiboko, mpya juu ya kuukuu. Hakulalamika. Hakuna anayelalamika siku hizi, wanalima kimya kabisa na kutazamana. Nikaona si kawaida, halafu nikasahau, maana viganja vilikuwa vinawaka moto.

Jumatano, 9 Agosti

Kuna mganga ameingia bondeni. Watu wanamwita hongo. Anatoa dawa ya maji, ukiinywa na kumwagiwa, risasi ya Mdachi inageuka maji. Kijiji kizima kimehamia mtoni kwake. Hana kengele wala viti, na hajatangaza kusamehe pamba. Amesema tu pamba ing'olewe.

Bibi Theodosia naye alitoweka mchana kutwa. Aliporudi nikamuuliza alikokuwa.

"Nilikwenda kusikiliza tu, mwalimu."

Kidevu kilikuwa bado kinachuruzika.

Nikamuuliza ubatizo wake umekuwaje. Akasema upo palepale, ubatizo ni wa mbinguni, na huyu hongo anashughulikia mambo ya hapa chini. Nikatafuta jibu mpaka wali ukapoa.

Kesho nitakwenda mwenyewe kuangalia huyo mtu anahubirije. Si kwa imani. Kwa ufundi.

Alhamisi, 10 Agosti

Nilivua shati na rozari, nikaazima shuka la Ponsiano, nikajichanganya na watu. Kutoka nyuma sikuona kitu. Nikaingia kwenye mstari ili nisogee kidogo. Mstari ukasukuma. Kufumba na kufumbua niko mbele ya hongo.

Akauliza kama nataka maji. Nikasema nimekuja kutazama.

Akasema, "Wote wanasema hivyo."

Akanimwagia kichwani, akaninywesha, akanipaka alama nyeusi kwenye paji la uso. Ladha ni ya maji yaliyochemshiwa mahindi na kusahauliwa.

Nimetubu njia nzima. Hata hivyo lazima nikiri mtu yule anajua kazi. Anasema kwa ufupi, anamtazama kila mtu usoni, na anaahidi kitu ambacho kila mtu anakitaka. Mimi huwa naanzia kwa Adamu.

Alama haitoki. Nimesugua kwa majivu, kwa mchanga, kwa magunzi. Nimevaa kofia.

Jumapili, 13 Agosti

Nimehubiri kwa mtindo wa hongo. Kanisani walikuwemo Bibi na mbuzi. Bibi amesifu mahubiri kwa kuwa yalikuwa mafupi. Ameuliza kwa nini sivui kofia mbele ya Mungu. Nikasema kichwa kinauma.

Pamba yote imeng'olewa. Akida amekimbia na mtumbwi, ameacha kiboko, watoto wanachezea. Wapita njia wanasema barabara ya Mahenge imefungwa na Padre hawezi kuja. Nimeendelea kufagia kanisa. Kitanda cha chuma hakiwezi kuwa kimeghairi.

Jumatatu, 14 Agosti

Siku mbaya.

Asubuhi Kelestini ameingia mlangoni kwangu, amelowa hadi kifuani. Kanisa lake limechomwa moto. Watu waliokuwa wanajaa hadi nje ndio waliolichoma. Amekuja na kengele tu, ameifunga kamba mwilini na kuijaza nyasi isilie. Nilimhurumia sana. Nilifurahi pia. Nimeomba radhi kwa la pili.

Nikamficha kwenye kihenge cha mpunga. Hatujapumua, wenye mikuki wakafika, vichwani wamefunga mabua ya mtama. Hawakuwa wa kijiji chetu. Kiongozi wao, mtu mrefu wa upande wa juu ya mto, akasema wanatafuta vibaraka wa Wadachi, wanaovaa mashati na kusoma vitabu.

Mimi nilikuwa na shati. Kitabu kilikuwa mkononi.

Bibi Theodosia aliacha mchi kinuni, akaja, akaning'oa kofia.

"Huyu ni mjukuu wangu," akasema. "Amekunywa. Angalieni."

Wakaangalia. Yule mrefu akashika paji la uso wangu kwa dole gumba, akasugua, alama haikutoka. Akaniita ndugu.

Hapo ndipo kengele ilipolia ndani ya kihenge. Nyasi zilikuwa zimeanguka.

Wakamtoa Kelestini kwa kumvuta miguu. Mpunga umemjaa masikioni. Paji lake halina alama, safi kama sahani. Mkuki mmoja ukainuliwa. Nilikuwa na nafasi ya kunyamaza. Sitaandika nilinyamaza kiasi gani.

Kisha nikasema, "Huyu ni wangu. Nimemleta apewe maji."

Yule mrefu akauliza ni nani atakayempa. Nikasema mimi, hongo ameniruhusu. Nikachukua chupa yangu ya maji ya baraka, nikammwagia Kelestini kichwani mpaka tone la mwisho, huku nasoma kwa Kilatini. Sikujua nisome nini. Nikasoma litania ya watakatifu. Kelestini akawa anaitikia "ora pro nobis", utuombee, kila jina, kwa mazoea tu.

Yule mrefu alipendezwa. Akasema dawa yenye lugha nzito hivyo hajapata kuisikia. Akampa kila mmoja wetu mkuki.

Kesho tunakwenda Ifakara kupigana. Na boma la Wadachi. Kelestini ameniambia hili ndilo jambo la kijinga kuliko yote niliyowahi kumfanyia. Nikamkumbusha kwamba ameweza kusema hivyo kwa sababu yu hai.

Alhamisi, 17 Agosti

Tuko matetani, mbali kidogo na Ifakara. Kalamu ninayo. Sijui kwa nini niliibeba.

Jana tulikuwa wengi kuliko nilivyowahi kuona watu. Ponsiano alikuwa mbele yetu. Nilimwambia abaki nyuma na sisi. Akacheka, akasema mwalimu unaogopa nini, si ulikunywa mbele yangu. Sikumwambia kwamba nilikwenda kutazama tu.

Watu walipiga kelele, "Maji, maji," wakakimbia. Boma likajibu. Ponsiano alikaa chini taratibu, kama mtu anayetaka kutoa mwiba. Risasi ilikuwa imeingia tumboni.

Tulimburuta mimi na Kelestini hadi kwenye mtaro wa shamba la mpunga. Hakulia. Alinitazama, akasema, "Mwalimu, yale yamekataa. Ya kwako bado yapo?"

Chupa niliimaliza kichwani kwa Kelestini.

Nikajaribu kuteka maji ya mtaroni kwa viganja. Yakavuja yote kabla hayajamfikia. Nikateka tena, yakavuja tena. Kelestini akafungua kengele kiunoni, akang'oa nyasi alizokuwa ameijaza upya, akaigeuza, akaitumbukiza mtaroni, akanipa imejaa.

Nikasema, "Ponsiano, nakubatiza." Nikamaliza maneno yote, kwa Kiswahili, polepole, ili ayasikie.

Akasema jina hilo lilikuwa lake siku zote. Halafu akafa.

Baadaye boma lilianguka, watu wakacheza ngoma. Tulimzika Ponsiano kwa mikuki yetu, maana jembe hatukuwa nalo. Mikuki haifai kwa kuchimbia. Tulichukua muda mrefu.

Leo sina mpango wowote.

Jumapili, 27 Agosti

Tumerudi kwa Bibi Theodosia. Alipotuona alihesabu vichwa, akaona pengo, akaingia ndani. Tulimsikia kwa muda. Kisha akatoka, akatupakulia wali wa jana.

Kelestini anakoroma. Anakula sana. Anasali kwa sauti ili nijue anasali.

Leo tumegombana. Nilisema ubatizo wa Ponsiano nitauhesabu kwangu Padre akija, kwa kuwa maneno niliyasema mimi. Yeye akasema ni wake, kwa kuwa maji aliyaleta yeye, na chombo ni chake. Nikasema maneno ndiyo sakramenti. Akasema bila maji maneno ni kelele. Tukabishana mpaka Bibi akaja, akatutazama.

"Mmoja wenu," akasema, "alimuuliza huyo mtoto wa watu aliacha nani nyumbani?"

Hakuna aliyeuliza. Aliacha mke na mama. Tumekwenda mchana kuwasaidia kubeba kuni. Mama yake ametugawia samaki wakavu aliowakausha Ponsiano mwenyewe. Kelestini alishindwa kula. Mimi nilikula, nikalia, nikala.

Jumapili, 1 Oktoba

Wadachi wamerudi Ifakara na safu ya askari. Wanachoma maghala ya mpunga, watu wamekimbilia visiwa vya katikati ya kinamasi, na Bibi Theodosia amefukia mbegu yake mahali anapopajua yeye peke yake. Tumeanza kula mizizi. Kelestini amepungua, sasa tunaenea kitanda kimoja.

Leo amepita mtu na habari. Afisa wa Wadachi anatafuta mkalimani, mtu wa kwenda naye mtoni akawaite waliojificha watoke kwa amani. Mkalimani anapewa hema, viatu na nyama kila siku.

Nimekaa chini nikafikiri kwa kina, karibu muda wa kumenya muhogo mmoja. Nimemtuma yule mtu arudi amwambie afisa kwamba yupo Mkristo msomi wa Unguja, anajua Kijerumani kama maji ya kunywa.

Kelestini ameniuliza nimejifunza lini Kijerumani. Nikamwambia kwamba najua kusalimu, najua "upesi", na tusi moja nililolisikia kwa akida. Yanatosha kuanzia. Mzungu hajui Kindamba, Wandamba hawajui Kijerumani, mimi nitakaa katikati. Akisema la ukali, nitalitafsiri kwa upole. Wakisema la ukali, vilevile. Nitamwambia bonde lote ni Wakristo na mpunga wao usiguswe. Huenda vita vikaisha kabla ya Krismasi, na mimi na viatu.

Bibi Theodosia alikuwa anasikiliza. Akasema, "Mjukuu wangu, hao watu wananyonga."

Nikamwambia wananyonga wanaosema uongo ovyo. Mimi nimepangilia.

Kelestini akashika kichwa, akanitakia heri, akasema yeye atabaki hapa na mizizi yake. Sijapata nafasi ya kumweleza kwamba nimemwandikisha na yeye. Nimesema anajua Kijerumani kuliko mimi.