Mpaka wa Shamba Langu Umepelekwa Nainokanoka

Inosenti Josephati,
Rhotia,
Karatu.
12 Agosti 1983

Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji,

YAH: MZEE HHANDO KUHAMISHA MPAKA WANGU

Shikamoo. Natumaini mguu uliopigwa teke na punda unaendelea vizuri. Mimi ni yule kijana aliyesoma risala siku ya Saba Saba bila kumeza mate, kwa hiyo huna haja ya kuuliza ni Inosenti yupi.

Mwezi wa sita nilinunua shamba kwa Mzee Hhando, ana kwa ana, bila dalali. Najua ardhi ni mali ya umma na haiuzwi. Nilichonunua ni migomba saba na kibanda. Ardhi ilikuwa chini yake tu. Nilimpa baiskeli yangu, pamoja na kengele. Clemensi, dalali wetu, alitaka mbuzi mmoja ili apime kwa hatua, aite majirani na kupanda mkonge mpakani. Nikamwambia huo ni ulanguzi, macho ninayo. Mzee Hhando akasimama kwenye lile jiwe kubwa jeupe, akanyoosha fimbo: "Kijana wangu, kutoka jiwe hili mpaka pale aliposimama yule ng'ombe mwekundu, ni kwako." Tukashikana mikono. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mikono yetu haijaachana, ng'ombe akasogea. Sikulalamika, maana alisogea kwenda mbele, akaingia kwenye maharage ya Mama Cresensia, mke wa mzee. Kesho yake nilikwenda kuchuma maharage yangu kwa adabu zote, mama akanifukuza na mwiko wenye ugali wa moto. Ndugu Mwenyekiti, umewahi kuona wapi mwenye shamba anapigwa ugali shambani kwake?

2. Jioni ng'ombe huyo hurudi nyumbani, na kwa desturi ya wazee wetu hulala ndani, upande wa pili wa kitanda cha mzee. Maana yake kila jioni shamba langu linaingia chumbani kwa Mzee Hhando. Nilikwenda na ngozi yangu ya kulalia, sikutaka makuu, nijinyooshe kwenye eneo langu tu. Nikaambiwa nina wazimu. Niliondoka kwa sababu ya heshima, na mbwa.

3. Hili ndilo kubwa. Mwezi wa saba nyasi zilipokauka, Mzee Hhando alimpeleka ng'ombe kwa rafiki yake Saning'o, kule Nainokanoka, juu Ngorongoro, amtunzie, kama wafanyavyo wenye mifugo. Mimi hakunitaarifu. Nikapiga hesabu, na hesabu darasa la saba nilikuwa wa pili (wa kwanza alikuwa mtoto wa mwalimu). Shamba langu sasa linaanzia kwenye jiwe, linapita Karatu mjini, linapanda msitu, linazunguka ukingo wa kreta, linaishia bomani kwa Saning'o. Sina nia ya kulima huko, najua hifadhini kilimo kimekatazwa. Ila magari ya watalii yanapita kwangu bila hodi, nyati wanakula nyasi zangu, na mnada wa Karatu unafanyika kwenye shamba la mtu. Tembo nimewasamehe. Nimewaona.

4. Mzee Hhando, kuona nimemzidi akili, alikuja na mche wa mkonge, akasema tuupande pale aliposimama ng'ombe siku ile, mbele ya mjumbe wa nyumba kumi, ziwe ekari tatu, yaishe. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nani anabadilisha Ngorongoro kwa ekari tatu?

Sasa tatizo ni Mzee Patrisi, baba yake Katarina. Amesema hatoi binti kwa kijana anayelima mgongoni mwa ng'ombe, na Jumapili baada ya misa anakuja kukagua mipaka. Nisipomwonyesha, Katarina anapelekwa kwa shangazi yake Mbulu, na huko kuna mwalimu mwenye pikipiki. Kumtembeza mzee hadi Nainokanoka siwezi, goti lake halifiki. Kwa hiyo naomba barua yenye muhuri wa kijiji isemayo kwamba mpaka wa Inosenti ni pale alipo ng'ombe, popote alipo, leo na siku zote.

Nisalimie mama hapo nyumbani, karani wako, na punda pia, hakukusudia.

Ni mimi, mwenye shamba refu kuliko wote wilayani,
Inosenti Josephati

N.B. Barua ilichelewa kwa kukosa bahasha. Leo Jumapili asubuhi Saning'o amemrudisha ng'ombe kwa kuwa anakaribia kuzaa. Ng'ombe amekwenda moja kwa moja kwenye jiwe jeupe, akalala ameliegemea, na hataki kuinuka. Nimepima mara tatu: kati ya jiwe na ng'ombe hapapiti hata jembe. Katarina amekuja kutazama, akasema, "Inosenti, na kitanda tutakiweka upande gani?" Misa inakaribia kwisha. Tafadhali usipige muhuri. Ng'ombe ni mnyama, si mpaka, hata mtoto mdogo anajua. Mwambie Mzee Hhando alete ule mche wa mkonge, na Clemensi aje na hatua zake. Mbuzi wake nimeshamfunga hapa. Kama wote hawana nafasi, tuma tu mtu mwenye fimbo amwinue huyu ng'ombe.