Shoka Mkononi mwa Mama Mkwe

Jumamosi, tarehe 6 Juni

Nimeshindwa tena. Na mama mkwe! Mjane wa miaka sabini na ushei, anaishi peke yake na redio yake, na kila Jumamosi anatukusanya sebuleni kwake kucheza ule mchezo wa mauaji. Ubao una ramani ya jumba. Kuna kadi za washukiwa, za silaha na za vyumba, na tatu zimefichwa kwenye bahasha: nani kaua, kwa silaha gani, chumba gani. Unawauliza wenzako wana kadi zipi mpaka ujue zilizofichwa. Mimi sijawahi kujua. Tangu nioe!

Leo Breki kaniuliza mbele ya wote kama ningependa mchezo wa watoto. Breki ni mwanyumba wangu, kaoa dada wa mke wangu. Ni mwalimu wa udereva, ndiyo maana anaitwa hivyo. Mdomo wake hauna breki hata kidogo. Nikacheka nao. Moyoni nilikuwa nachemka.

Jumatatu, tarehe 8 Juni

Mama mkwe kaja kwenye duka langu la miwani, kaikalia miwani yake ikavunjika. Nikamwambia fundi ni mkwewe, ya nini ahangaike, nitamtengenezea mpya bure. Nilipomjaribishia fremu kubwa nikaona taa ya dari imejiakisi kwenye lenzi, wazi kabisa. Hata balbu yake nikaiona!

Akili ikafanya kazi. Lenzi kubwa, bapa, isiyopakwa dawa ya kuzuia mng'ao. Akishika kadi, mimi niliyekaa mbele yake nasoma kila kitu. Tatizo ni kwamba namba ya macho yake ni kubwa, lenzi inavimba na picha inapinda. Basi nikaipunguza namba. Kidogo tu. Atazoea.

Akaniombea dua ndefu, akasema binti yake hakukosea kuolewa hapa. Nikaona haya mpaka masikio yakawaka moto. Lakini lenzi nilikuwa nimeshaikata.

Jumamosi, tarehe 13 Juni

Nimeshinda! Nilidhani nitaruka juu. Mbona nimekaa tu hapa kitandani na soksi mkononi?

Mambo yalianza vizuri. Mama haoni, kwa hiyo anaileta kadi karibu kabisa na uso, na mimi kwenye miwani naona picha kama iko sinema. Shoka! Mama analo shoka. Mara Breki akamuuliza kama ana shoka. Mama akazikagua kadi zake moja moja, akasema hana.

Shoka nilikuwa nalitazama! Neno moja tu lingetosha. Nikajitia hamnazo, nikapuliza chai.

Breki akaamini shoka limo kwenye bahasha. Akatangaza mpishi, shoka, ghala. Akachungulia bahasha, kumbe sivyo, akatolewa. Silaha nyingine zote nilishajua ziko kwa nani, basi zamu yangu nikasema mpishi, sumu, ghala. Sawasawa! Mke wangu akapiga makofi.

Ndipo mama akafunua kadi zake mezani, na shoka likawa pale, jekundu. Breki akamkumbusha kwamba alisema hana. Mama akaiokota, akaigusisha karibu na pua. Akasema yeye aliona nyundo. Hakuna aliyecheka. Akachukua kikombe, akakiweka nje ya sahani, chai ikamwagikia ramani yote. Akaomba radhi. Mama mkwe, kuniomba mimi radhi!

Jumapili, tarehe 14 Juni

Kikao cha familia. Breki kasema mama hafai tena kuishi peke yake, leo chai, kesho jiko. Ahamie kwao, nyumba ipangishwe. Shemeji yangu, mke wa Breki, analia. Mke wangu analia. Mama kasema sawa, kama akili imeanza kumtoka hataki kuwa mzigo. Kisha kauliza kwa sauti ndogo kama kule kwao ataruhusiwa kuja na redio.

Mimi nilikuwa nahesabu vigae vya sakafu. Sina uso.

Jumatatu, tarehe 15 Juni

Mke wangu kapita dukani, kanikuta nakata lenzi mpya za mamake, namba kamili. Kauliza za kwanza zina nini. Nikajaribu kukohoa. Haikusaidia. Nikamweleza yote.

Hakupiga kelele. Heri angepiga! Kaniambia niende nikamwambie mama mwenyewe, kwa mdomo wangu, kabla hajafunga mizigo.

Jumanne, tarehe 16 Juni

Nimekwenda. Mama alikuwa anakunja mapazia. Nikamvalisha miwani mpya. Akatazama dirisha, akatazama mikono yake, akasoma jina la kiwanda kwenye redio kutoka alipokaa. Akaanza kulia.

Sasa ndipo pa kusema. Nikafungua mdomo, nikasema kiwanda kilileta lenzi mbovu.

Akanipapasa bega. Akasema mwanangu, hakuna asiyekosea kazini, usijilaumu. Kisha akampigia Breki simu kumwambia hahami ng'o, na kwamba mkwe wake kamrudishia macho. Nilitamani ardhi ipasuke.

Jumamosi, tarehe 20 Juni

Mama kashinda kabla chai haijapoa. Kacheka mpaka kashika mbavu. Kila aliponitazama kwa shukrani, nilitazama kwingine. Mke wangu naye alinitazama, ila si kwa shukrani. Nimeapa: sitarudia. Aibu ile inatosha maisha yote.

Wakati wa kuondoka Breki kanivuta pembeni. Siku hizi akisoma maandishi madogo macho yanamuuma. Kauliza kama naweza kumpima. Nikamwambia aje Jumatatu, bure, sisi ni ndugu. Uso wake mpana, utapendeza na lenzi kubwa.

Huyu si mama mkwe, jamani. Huyu ni mwalimu wa udereva tu, na barabara anazijua hata akifumba macho.