Biva, Bunduki ya Upepo na Mti wa Otilia

Jumatatu, 4 Machi

Nimepata bunduki! Ya upepo, sawa, lakini bunduki. Nimempa dereva wa lori la sufu tandiko langu la farasi, naye akanipa hii. Biva wamekwisha! Panya wakubwa wale wa maji, meno kama patasi, wameziba kijito kwa magogo mpaka malisho yamegeuka bwawa. Malisho ni ya tajiri, alie mwenyewe. Mimi nina mti mmoja tu: lenga ya ukingoni, yenye benchi nililomchongea marehemu mke wangu Otilia. Alikuwa akikaa pale kufuma soksi. Juzi nimeona kisiki kibichi hatua kumi tu kutoka pale.

Shemeji Remberto, kaka yake Otilia, tunachunga pamoja na kulala kibanda kimoja mwaka wa kumi na moja huu. Kaiona bunduki, kacheka hadi kofia ikamdondoka. Eti hiyo ya kufukuzia shomoro. Eti ana mitego saba ya chuma, niseme neno tu aitege. Sikusema neno. Nina bunduki, niombe mitego ya nini?

Jumanne, 5 Machi

Nimelala kifudifudi matopeni alasiri nzima. Jua linazama, akatokea mmoja, mnene kama gunia. Nikafyatua. Nimempata! Mgongoni! Akageuka, akanitazama, akajikuna. Kisha akayapiga maji kwa mkia, pwaa! Nikalowa mpaka soksi.

Remberto aliona yote toka mlangoni. Kauliza kama biva ameniachia shukrani kwa kumkuna.

Jumatano, 6 Machi

Akili mpya. Nimebomoa ukuta wao kwa sururu. Wakija kuziba tundu, nawamaliza kwa karibu. Maji yalivyotoka kwa kishindo, raha iliyoje!

Remberto kaja mbio. "Shemeji, acha! Ukibomoa watajenga. Watajenga kwa nini, kwa mawe? Watakata miti!" Nikamjibu kwamba wivu haujawahi kumnasa mnyama.

Alhamisi, 7 Machi

Ukuta umerudi, na sasa ni mrefu kuliko jana. Miti minne chini. Nimefyatua mara kumi na tisa. Ya ishirini iligonga gogo, ikaruka, ikatoboa birika mkononi mwa Remberto.

Hakunipiga. Kaliziba tundu kwa kijiti, kama biva vile, kachemsha maji, kamimina yerba, chai yetu chungu, ndani ya kibuyu. Kanipa kibuyu na mrija wake wa kunyonyea, kaanza kunisema: kiburi, ukaidi, dada yake alinivumilia vipi. Hapo ndipo shetani akanipanda. Nikaukoroga mrija.

Kila mtu huku anajua. Mrija hauguswi. Kuukoroga ni kumwambia mwenye kumimina, usoni pake, kwamba hafai. Mimi niliukoroga mara tatu.

Akaninyang'anya kibuyu. Akabeba blanketi, mitego na birika, akahamia banda la kukatia manyoya.

Ijumaa, 8 Machi

Nimebomoa ukuta tena. Mara mbili. Hakuna aliyenicheka. Kumbe kuchekwa nako ni kampani. Nimekunywa maji baridi. Nilifika mpaka nusu ya njia ya bandani, nikarudi. Aanze yeye! Mimi ndiye mkubwa.

Jumamosi, 9 Machi

Mti wa Otilia umeanguka. Umelivunja benchi katikati. Matawi wameshayakokota, wamezibia tundu langu. Tundu nililolitoboa mwenyewe, kwa mikono yangu!

Nimelia, sifichi. Nimeketi juu ya kisiki mpaka makalio yakafa ganzi. Neno moja tu lilitakiwa, Jumatatu. Tega, shemeji. Basi. Nisamehe, Otilia.

Jumapili, 10 Machi

Remberto kaja asubuhi. Kavua kofia mbele ya kisiki. Hakucheka. Alikuwa na mche wa lenga aliouchimba mlimani, mizizi kaifunga kwenye gunia. Kaupanda pembeni ya kisiki, kauzungushia waya. Kisha kawasha moto, kachemsha birika lenye kijiti, kamimina. "Kunywa, Belarmino," akasema. "Mitego nimeshaitega. Wewe usiguse kitu. Sawa, ndugu yangu?"

Ndugu yangu! Nilinyonya. Msamaha ulikuwa umeshafika ulimini, nasema kweli. Ila mrija ulikuwa umeinama. Kidogo tu, upande wa kushoto. Nikaunyoosha.

Akautazama mkono wangu. Akamwaga kibuyu motoni, akaenda zake na birika lake.

Najuta, jamani. Nimekaa hapa tangu saa zile, naangalia kamche ka watu. Majani matano. Ila naona kamepandwa karibu mno na maji, tena kamepinda. Kesho alfajiri nakang'oa, nikapande panapofaa.