Kiti cha Pili katika Chumba cha Ushauri

Kwa Mwenyekiti na Wajumbe wa Bodi ya Shule,

Waheshimiwa,

"Ushauri nasaha ni taaluma, hauwezi kufanywa na kila mwenye mdomo." Ndivyo alivyotutangazia mkuu wa chuo cha washauri kwenye mkutano wa wazazi, nanyi mkampigia makofi. Mimi mdomo ninao. Nimefundisha hesabu na kuwashauri wanafunzi wa shule hii tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kurudi mara ya pili. Sasa mmetuletea mwanamke kijana mwenye shahada, mkampa chumba changu. Tangu hapo hata nyumbani kwangu hakukaliki, na hilo nitalifikia. Nalalamika kama ifuatavyo.

1. Muda wa masomo. Mshauri huyu amesoma miaka chungu nzima, kisha akafanya mazoezi chini ya msimamizi, ndipo akapewa leseni. Nilichungulia dirishani nione matunda ya elimu hiyo. Alikuwa amekaa kimya. Mwanafunzi analia, yeye kimya. Kwa muda huo mimi ningekuwa nimeshalimaliza darasa zima. "Acha ujinga, kasome" haihitaji maktaba.

2. Samani. Chumba changu kilikuwa na kiti kimoja, changu. Mwenye shida alisimama, na shida ikawa fupi. Yeye ameleta kiti cha pili, kimo sawa na chake, na boksi la tishu katikati. Ukishamwekea mtoto tishu, umemwalika alie.

3. Eti kabla ya kufuzu, mshauri naye lazima akae kwenye kiti cha mteja, aeleze ya kwake mbele ya mshauri mwingine. Tangu lini daktari wa meno akang'olewa meno kwanza ndipo apewe koleo? Mimi sina la kueleza. Mke wangu anasema ninalo, lakini yeye si mtaalamu.

4. Kiapo cha siri. Mimi nilikuwa nikiyasoma matatizo ya wanafunzi kwenye paredi ya asubuhi ili wenzao wajifunze, tena kwa staha: sikutaja jina la mtu, nilitaja darasa na dawati, basi. Huyu hata sisi walimu hatuambii kitu. Chai ya saa nne imepooza kabisa.

5. Hili ndilo lililonishikisha kalamu. Binti yangu wa mwisho anasoma hapahapa, darasa la mtihani. Tangu muhula uanze hasemi nami, nikajua ametulia. Juzi nikamwona anatoka kwa mshauri, macho mekundu, anacheka. Nikaingia kudai nielezwe alichosema. Nikajibiwa, "Shikamoo, mwalimu. Hayo ni yake. Muulize mwenyewe, halafu usimjibu." Usimjibu! Mimi, baba mzazi, nimuulize mwanangu swali kisha nikae kama sanamu?

Kwa hiyo nadai sharti la shahada lifutwe. Sifa za mshauri ziwe sauti inayofika nyuma ya darasa, umri wa kuheshimika, na watoto wake mwenyewe nyumbani. Wenye vyeti wapewe likizo ya kuvisahau. Na kiti cha pili kirudi stoo kabla ya Ijumaa.

Nawasalimu nyote, pamoja na mhasibu, mlinzi wa getini, na hata mkuu wa chuo, ambaye simchukii, namsahihisha tu.

Wenu mtiifu,
Mwalimu wa Hesabu

Nyongeza: Bahasha nilikuwa nimeshaifunga, nimeifungua. Jana nilijaribu njia hiyo, ili niwathibitishie kwamba haifai. Nilivuta kiti cha jikoni karibu na cha binti yangu, nikamuuliza kulikoni, nikanyamaza. Ulimi niliung'ata mpaka ukauma. Akaniangalia: "Baba, unaumwa?" Nikatikisa kichwa, nikazidi kunyamaza. Basi akasema. Alisema mpaka chakula kikapoa, na mama yake akakiacha kipoe. Alichosema siwaandikii; ni chake.

Wajumbe wa Bodi, kiti kile msikiguse. Na muulizeni mkuu wa chuo kama wanapokea mtu wa umri wangu. Jibu lake lileteni nyumbani, lisipitie chumba cha walimu. Iwe siri.