Kichwa Kimepinda

Jumatatu, 9 Juni

Babu ameanza kutoa moshi mweupe. Babu ni pikapu yangu. Ana umri mkubwa kuliko mtoto wangu wa kwanza, na hajawahi kuniaibisha isipokuwa zile siku alizoniaibisha. Leo nilipomwasha, uani hapakuonekana kitu. Jirani yetu fundi cherehani akaja kuuliza kama tunachoma takataka. Nikamwambia huo si moshi, ni mvuke, asubuhi kuna baridi, hata yeye akipumua anautoa. Lori la mchanga likipita hapa na moshi wake mweusi hasemi kitu. Kunya anye kuku, akinya bata kaharisha!

Mvuke wa baridi huisha gari likipata moto. Wa Babu uliendelea hadi saa nne. Labda ana baridi ya ndani.

Rejeta ilikuwa tupu. Nimeongeza lita nne, nikalala chini ya gari kutafuta tone. Hakuna! Pakavu kabisa. Kwa hiyo havuji. Maji yanakwenda wapi sijui, ila chini hayaendi, na hilo ndilo la muhimu.

Jumamosi mke wangu anapeleka miche mia nne kwenye shule mpya nje ya mji. Ameilea miezi mitano, akiimwagilia kwa kopo la matundu. Mwalimu mkuu kasema ikifika salama, kila mwaka atachukua kwake. Kaniuliza kama Babu atafika. Nikamjibu hilo si swali la kumuuliza mume. Akasema basi tumwite kaka yake atazame. Kaka yake ni fundi magari. Mimi namwita Profesa, maana hawezi kukaza nati bila kutoa mhadhara. Nimekataa.

Jumanne, 10 Juni

Profesa amekuja hata hivyo, eti kumsalimia dada yake. Mimi nilikuwa bafuni, Babu nimemwacha uani akiunguruma apate moto. Povu limejaa masikioni, mke wangu akaja mlangoni kunipa habari. Nusu ya kwanza sikuisikia. Nusu ya pili niliisikia vizuri sana: kaka anasema shida ni kichwa. Kimepinda kwa sababu ya kuchemsha. Kinataka kufunguliwa kipelekwe kusagwa, la sivyo Jumamosi itakuwa aibu.

Nilibaki nimeshika kata. Kichwa kimepinda! Kusagwa! Miaka kumi na miwili namwita shemeji kwa heshima zote, na haya ndiyo maneno anayonisema, tena kwangu, nikiwa uchi. Ni kweli nimewahi kuchemsha. Ule mradi wa sungura nilichemsha. Ule wa kukodisha viti pia. Lakini nani hajachemsha duniani?

Nilipotoka nilimuuliza mke wangu kama naye anakubaliana na kaka yake. Akasema anakubali, dalili ameziona siku nyingi, ila aliogopa kuniambia. Mke wangu wa ndoa! Nikamwambia habari za kichwa zisitajwe tena humu ndani. Akanitazama kidogo, akaenda kumwagilia miche.

Jumatano, 11 Juni

Sisemi na shemeji. Kapiga simu mara tatu, sikupokea. Halafu akatuma ujumbe kwamba nisithubutu kuingia barabarani na kichwa hiki, kitapasuka. Sasa ananitishia kwa maandishi! Ujumbe nimeuhifadhi, utahitajika siku ya kikao cha ukoo.

Nimetafuta ushauri kwa fundi wa pancha pale kona. Yeye mwenyewe hana gari, kwa hiyo hana upendeleo. Kanipa siri ya kazi: unavunja mayai ndani ya rejeta, yanasafiri na maji, yakikuta tundu yanaiva hapo hapo na kuliziba. Na kijiko cha pilipili manga, ili yashike. Nimechukua mayai sita ya kuku wa mke wangu, nikaongeza la saba kwa usalama.

Moshi uko palepale. Sasa unanukia mayai ya kukaanga. Paka watatu wamemfuata Babu hadi barabara kuu.

Alhamisi, 12 Juni

Habari njema! Nimepima oili. Juzi ilikuwa nusu, leo imepita alama ya juu, na sijaongeza hata tone. Rangi yake imekuwa kama chai ya maziwa. Gari la umri huu linajitengenezea oili lenyewe! Nikamweleza fundi cherehani. Akauliza kama shemeji yangu ameiona hiyo oili. Wapo watu hawapendi kuona mwenzao akifanikiwa.

Ijumaa, 13 Juni

Maji lita sita asubuhi, sita jioni. Chini bado pakavu.

Mke wangu kaipanga miche kwenye makreti, kila kreti na karatasi yake. Jioni nilitaka kumwambia kwamba nina wasiwasi. Nilishafungua mdomo. Akanitangulia, akasema ananitegemea mimi, hana mwingine. Nikaufunga.

Jumamosi, 14 Juni

Siku mbaya. Tulipakia saa moja, tukaondoka vizuri. Kwenye mlima wa hospitali mshale wa joto ukafika mwisho. Nikamwambia mke wangu mshale huo ni mbovu. Babu akapiga kishindo, akatoa wingu hadi pikipiki za nyuma zikasimama, kisha akazimika. Nikaharakisha kufungua rejeta. Mkono umeungua, na pande la yai lililoiva limenipita sikioni.

Jua kali, kivuli hakuna. Mke wangu alichukua chupa yetu ya maji ya kunywa, akawa anaigawa kwa kizibo, mche kwa mche. Heri angenifokea.

Ndiye aliyempigia kaka yake. Profesa akaja na kamba ya kuvutia, na mbele ya watu wote akaniuliza mbona sipokei simu. Nikamwambia wazi kwamba mtu anayesema kichwa changu kimepinda hastahili kupokelewa simu. Akaiweka kamba chini. Kisha, kwa upole ulionitisha, akauliza kichwa cha nani. Akafungua boneti, akagonga kwa kidole lile pande la chuma lililokaa juu ya injini. Kichwa ni hicho. Kichwa cha injini. Kimepinda kwa joto, gasketi inayoziba chini yake imeungua, maji yanaingia penye moto na kutoka nyuma kama moshi mweupe. Mengine yanaingia kwenye oili, ndiyo maana inaongezeka.

Mke wangu alicheka. Alicheka hadi akakaa chini kando ya barabara. Kisha nikaona mabega hayachezi tena kama ya mtu anayecheka. Miche zaidi ya mia mbili ilikuwa imelala. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani.

Jumapili, 15 Juni

Profesa kakifungua kichwa. Kaweka rula ya chuma juu yake, mwanga ukapita chini ya rula. Nimeuona kwa macho yangu. Halafu akaanza kuchokoa mayai kwenye njia za maji kwa bisibisi, akihesabu vipande kwa sauti.

Nimemwomba mke wangu msamaha, bila kujitetea. Kasema kichwa changu hakina neno, masikio ndiyo mabovu. Amesema bila kucheka.

Alhamisi, 19 Juni

Babu amerudi! Kichwa kimesagwa, gasketi mpya, moshi hakuna. Mwalimu mkuu kakubali kupokea miche iliyopona pamoja na ile ya akiba iliyobaki kitaluni. Mwisho Jumamosi saa tatu. Tukichelewa tena, ataagiza kwingine.

Mhadhara haukukosekana. Bolti za kichwa zikazwe tena baada ya gari kutembea kidogo. Nimpeleke Babu kesho mchana, Profesa azikaze mwenyewe kwa spana yake inayopima nguvu, kwa mpangilio, kuanzia katikati kwenda nje, la sivyo kichwa kitapinda tena au bolti itakatika. Mke wangu kaniomba jambo moja tu, nimsikilize kaka yake. Nimeapa.

Ijumaa, 20 Juni

Nimemsikiliza. Kasema bolti zikazwe, nimezikaza. Ya nini kupanga foleni karakana, na mhadhara juu yake? Spana nimeazima kwa fundi wa pancha. Ilikuwa fupi, nikaichomeka kwenye bomba la chuma ili iwe na nguvu. Nimeanzia pembeni, maana katikati mkono haufiki vizuri, na kila bolti nimeikaza hadi nimeishiwa pumzi.

Ya tano ililia tak! Tangu hapo imekuwa laini, inazunguka kwa vidole viwili. Hiyo ndiyo imekaa sawasawa. Zilizobaki bado ngumu, nitazishughulikia wiki ijayo.

Mke wangu ameshatoa makreti mlangoni. Kaniuliza kama kaka yake amemaliza kazi. Nimemwambia kazi imekwisha. Akanishika mkono ulioungua, akasema asante. Kesho saa moja tunapakia.