Bunduki ya Pesa za Miwani

Ijumaa, tarehe 4 Oktoba

Jumamosi ya wiki ijayo ni siku ya mchuzi wa kindi kwenye jengo la zimamoto. Bonde zima litakuwepo. Na mimi, Delmer Ison, mwanamume mzima mwenye ndevu zangu, nimepangiwa kumenya viazi. Viazi!

Yote ni kwa sababu ya jino la Mchungaji Lusk. Mwaka jana aling'ata nyama ya kindi wangu, akang'ata na marisau, zile punje za risasi zilizobaki ndani, jino likakatika mbele ya waumini. Alitamka neno ambalo sikujua kama wachungaji wanalo. Basi kamati ikapitisha: bunduki za marisau marufuku. Kindi wa mchuzi apigwe kwa bunduki ndogo, ile ya ishirini na mbili, risasi moja tu kichwani, nyama ibaki safi. Mimi nina ya marisau peke yake. Nimelengwa mimi, hilo halina ubishi.

Atakayeleta kindi wengi kuliko wote ndiye anashika mwiko mkubwa na kukoroga sufuria mbele za watu. Shemeji Burl, kaka yake mke wangu, ameushika mwiko huo miaka na miaka. Anakoroga huku ananiangalia mimi.

Leo Verlene, mke wangu, amenipa pesa niende mjini nikapimwe macho na kununua miwani. Kisa? Amechoka kuniona nikisimama uani kupiga soga na mbuzi wa jirani. Nilidhani ni jirani. Wana ndevu wote wawili.

Jumamosi, tarehe 5 Oktoba

Nimeingia dukani kwa Opal kununua misumari. Sikununua misumari. Ukutani imetundikwa bunduki ndogo mpya, rahisi kuliko zote, kitako cha plastiki. Bei yake ni ileile ya miwani. Hivi hiyo si ishara?

Sikuirukia. Mimi si mtu wa kurukia vitu. (Wale ndege mbuni niliowahi kununua walikuwa suala jingine kabisa.) Nilimbana Opal kwa maswali: inafaa au haifai? Akasema kwa bei hiyo inafaa sana, ila nijue bunduki hizi ndogo huchagua chakula. Moja inapenda risasi za boksi hili, nyingine inazitema, na hujui yako inakula nini mpaka uijaribu. Nikamwambia ninaelewa, hata mimi maharage ya kopo hayanipandi.

Mara Burl huyo. Akaichukua, akaitikisa sikioni, akasema, "Shemeji, hii ni fimbo ya pazia. Mpelekee dada atundikie mapazia." Akacheka lile cheko lake la puani, na Opal naye akacheka. Mteja anachekwa dukani!

Lakini nimekaa nikapiga hesabu. Burl ananitakia mema? Hanitakii. Bunduki ingekuwa mbovu, angenisukuma niinunue. Ameiponda, kwa hiyo ni nzuri, na anaiogopa.

Jumatatu, tarehe 7 Oktoba

Nimenunua! Iko ghalani chini ya magunia.

Jioni Verlene akauliza miwani iko wapi. Nikamwambia inatengenezwa. Akauliza inachukua muda gani. Nikamwambia vioo vinasagwa kimoja kimoja, mambo mazuri hayataki haraka. Sijamdanganya. Duniani hapa lazima kuna miwani inayotengenezwa.

Jumanne, tarehe 8 Oktoba

Majaribio. Verlene alikwenda mazoezi ya kwaya, nami nikabandika karatasi kwenye robota la majani nyuma ya ghala.

Boksi jekundu: karatasi haikuguswa. Boksi la buluu: karatasi haikuguswa, ndoo ya Verlene iliguswa. Boksi la njano: sijui zilikwenda wapi. Baadaye tukajua. Verlene aliwasha televisheni akakuta chenga tupu, akatoka nje, akakuta dishi lina tundu katikati. Nikasema labda ni mvua ya mawe. Akasema wiki nzima anga halina wingu. Nikasema ilikuwa mvua ndogo sana ya mawe.

Bunduki yangu inachagua chakula kuliko mtoto mgonjwa.

Alhamisi, tarehe 10 Oktoba

Aibu. Naandika kwa sababu hakuna atakayesoma.

Nimekwenda msituni na mbwa wangu Biskuti, bingwa wa kunusa kindi. Hakukawia, akasimama chini ya mti wa hikori akabweka. Nikatazama juu, nikamwona: kindi mnene, ametulia. Nikapiga. Hakutikisika. Nikapiga tena. Jeuri gani hii! Nikamaliza risasi zote mfukoni. Nikasogea. Kilikuwa kinundu cha mti. Kindi mwenyewe alikuwa tawi la juu yake anakula kokwa, maganda yote ananidondoshea kofiani.

Biskuti aliniangalia kwa muda mrefu. Kisha akageuka, akateremka bondeni bila hata kunusa. Punde nikamsikia upande wa Burl. Anabweka, pa! Anabweka, pa! Mbwa niliyemlea kwa mkono wangu.

Nikairudisha bunduki kwa Opal, nikamwambia haifai hata bure. Akasema bunduki ikishapigwa hairudi dukani, ila kuna boksi la kijani sijalijaribu. Nikalichukua kwa hasira.

Nyumbani mambo ni mabaya zaidi. Verlene amesema kesho asipoiona miwani usoni mwangu, atampigia simu daktari wa macho mwenyewe. Balaa!

Ijumaa, tarehe 11 Oktoba

Nina akili jamani! Kanisani, nyuma ya mlango, kuna boksi la vitu vilivyosahauliwa. Nimepata miwani humo. Ya kike, fremu ya waridi, ncha zimepinda juu, vijiwe vinametameta. Nimeipaka rangi nyeusi ya viatu. Vijiwe vikakataa kushika rangi.

Verlene akaitazama, akanitazama, akasema daktari huyo ana mambo. Nikasema ndiyo fasheni mjini. Akanishika shavu, akasema afadhali, maana kila nikishika usukani jioni yeye roho inakuwa mkononi. Nikamwambia nakwenda kukagua uzio. Alinisindikiza kwa macho mpaka ghalani, kwa hiyo sikuweza kuivua; nikachukua bunduki, nikaingia msituni na miwani usoni.

Sijui nianzie wapi. Majani yana kingo! Biskuti (amerudi, nimemsamehe) akabweka, nikatazama juu, nikamwona kindi mpaka masharubu. Pa! Chini. Mwingine. Pa! Chini. Mpaka mfuko ukakataa kufungwa, na wote ni kichwani.

Siri nimeigundua: ni boksi la kijani! Bunduki imepata chakula chake. Laiti ningeanza na kijani, tusingefika huku.

Jumamosi, tarehe 12 Oktoba

Nilishinda. Naandika hilo kwanza, lisisahaulike kwa yaliyofuata.

Kamati ilihesabu, kindi wangu wakawazidi wa Burl. Mchungaji Lusk alipapasa kila mmoja kwa kidole, mkono mwingine ameshika jino lake jipya, akatangaza kuwa nyama ni safi. Nikakabidhiwa mwiko! Burl akaketishwa kwenye viazi. Verlene akanijia, akauliza kwa sauti ya chini bunduki nimeitoa wapi. Nikamwambia tutaongea, mama, unaona nakoroga.

Akaja Bibi Ottie, mama yake Mchungaji, anapapasa meza moja baada ya nyingine. Anasema miwani yake imepotea, hata zaburi hasomi siku hizi. Alitaka kumpa mshindi mkono. Sasa ule mvuke wa sufuria! Rangi ya viatu ilianza kunitiririka mashavuni. Bibi akanisogelea uso kwa uso, akanyoosha kidole, akagusa vijiwe.

"Yesu wangu! Miwani ya marehemu Virgil!" Yaani ile aliyonunuliwa na mumewe. Akaivua usoni pangu yeye mwenyewe, akaifuta kwa aproni, akaivaa. Akanitazama toka juu mpaka chini, akasema kweli sasa anaona vizuri, anamwona na mwizi. Nikasema niliokota. Nani asikilize! Burl alicheka mpaka kiazi kikamponyoka.

Ukumbi mzima ukawa ukungu kwangu. Lakini mwiko ni mwiko. Nikakoroga kwa heshima zote, nikanyoosha mkono kwenye kopo la chumvi, nikatia kwa ukarimu. Halikuwa kopo la chumvi. Lilikuwa la magadi ya mkate wa mahindi. Mchuzi ukavimba, ukapanda, ukamwagika pande zote na kuzima moto. Makofi yakapigwa na wazimamoto wenyewe.

Burl ana mwiko. Mimi nimemenya viazi na vidole viwili.

Njiani Verlene ndiye aliyeendesha pikapu. Darajani akasema ndoo si kitu, na dishi si kitu. Pesa zile alizipata kwa kushona mablanketi ya viraka majira yote ya joto, kwa sababu hataki siku moja aje kuniokota mtoni ndani ya pikapu hii. Nilijisikia vibaya sana, na bado najisikia vibaya.

Jumatatu, tarehe 14 Oktoba

Mke wangu ni malaika. Ameuza blanketi jingine, lile zuri la kitandani kwetu, akanipa pesa za miwani mara ya pili. Ameniapisha kwa Biblia niende mjini moja kwa moja. Nimeapa, na nilikuwa namaanisha.

Ila njia ya mjini inapita kwa Opal. Nikasimama kumsalimu tu. Ana darubini, ndogo, ya kufunga juu ya bunduki. Nikachungulia. Jamani! Nimemwona nzi kwenye kioo cha posta ng'ambo ya barabara! Hapo ndipo nilipoelewa. Shida haikuwa macho, na haikuwa bunduki. Shida ni umbali. Wale kindi walikuwa mbali mno! Bei yake nayo ni ileile ya miwani. Burl alikuwepo, akasema kufunga darubini kwenye fimbo ya pazia ni kichaa. Nikalipa hapohapo.

Nimefika nyumbani jioni. Verlene alikuwa amesimama uani karibu na uzio wa jirani. Nikaona niwe muungwana, nimwambie mapema mwenyewe: miwani inatengenezwa, avute subira. Hakufoka wala hakuuliza swali hata moja. Aliniangalia tu, akaendelea kutafuna.